Kufuli Halikuvunjika

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu. Ninaishi Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, si mbali na lango la hifadhi, na ninauza mrenda, saga na kunde kando ya barabara ya kwenda Webuye. Huu ni mwaka wa nne nikiwa mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Tuko wanachama 38, na tuna kikundi cha WhatsApp ambamo tunatangaziana michango, matanga, harusi na siku za kukutana.*

*Shule zilipofunguliwa Januari nilipungukiwa karo ya kijana wangu mkubwa. Nikakopa shilingi 6,000 kwenye programu ya mikopo ya simu. Siku ya kulipa ikapita. Wakaanza kunipigia mimi, kisha wakampigia shemeji yangu, kisha mwalimu mmoja ambaye nambari yake ilikuwamo tu kwenye simu yangu. Aibu ilinijaa. Usiku nikamwandikia rafiki yangu, tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza, nikamweleza yote. Nilitumia WhatsApp kwa sababu pale juu pameandikwa kwamba mazungumzo yamefungwa, hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Neno langu la mwisho lilikuwa, "Hii ibaki kati yetu."*

*Siku tisa baadaye nilifungua simu alfajiri nikakuta maneno yangu yamepigwa picha na kuwekwa kwenye kikundi cha chama. Pale nilipoeleza kwamba ni karo palikuwa pamekatwa. Kilichobaki ni "nina deni, nimekwama, sijui nitatoa wapi." Chini yake mtu ameuliza: "Mweka hazina akikwama, hela zetu ziko wapi?" Kabla chai haijachemka watu kumi na saba walikuwa wamejibu. "Nilijua." "Lisemwalo lipo." Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu. Shangazi, hela za chama zipo, shilingi 84,000, ziko benki na hazitoki bila sahihi tatu. Jioni hiyo nikatolewa kwenye kikundi.*

*Kuna la pili ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana niliupata ujumbe wa sauti kuhusu kijana mmoja wa bodaboda wa hapa kwetu, eti ndiye anayewaonyesha wezi wa ng'ombe njia ya msituni. Niliusikia katika vikundi vitatu, nikaamini, nikauingiza kwenye kikundi cha chama. Wiki hiyo alipigwa na pikipiki yake ikavunjwa. Baadaye ng'ombe walipatikana, na ikajulikana kwamba hakuhusika hata kidogo. Alihama, nasikia yuko Eldoret. Mama yake bado ananunua mboga kwangu na hajanisema neno. Tangu nitolewe kwenye kikundi silali bila kumfikiria.*

*Je, kufuli la WhatsApp ni uongo? Nimshtaki rafiki yangu kwa polisi? Au niitupe tu hii simu?*

*Aliyeaibishwa, Buyangu*

Mwanangu,

Nianze na swali lako la kufuli, kwa kuwa majibu ya hayo mengine yamo ndani yake. Kufuli si uongo, na halikuvunjika.

Nilipokuwa darasa la sita, barua za kijiji chetu zilikuja kupitia sanduku la posta la shule. Siku ya Ijumaa mwalimu mkuu alisoma majina gwarideni, nasi watoto tukazibeba hadi nyumbani. Bahasha zilifungwa kwa gundi, na sikumbuki hata moja iliyofunguliwa njiani. Lakini wengi wa mama zetu hawakujua kusoma. Kwa hiyo mwisho wa safari ya ile barua palikuwa na mtoto ameketi kigodani, anaisoma kwa sauti. Siku moja nilimsomea jirani yetu barua ya mwanawe aliyekuwa Nairobi. Alikuwa amefutwa kazi, na akamsihi mama yake asimwambie mtu hadi apate nyingine. Kesho yake, tukiteka maji mtoni, niliwaambia wenzangu wawili. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua, na mwenye duka aliyekuwa akimkopesha yule mama sukari na mafuta ya taa akafunga daftari lake. Gundi ya bahasha ilikuwa imefanya kazi yake hadi mlangoni. Mimi ndiye niliyevuja.

Hivyo ndivyo ulivyo usimbaji fiche wa WhatsApp. Unapobonyeza kutuma, maneno yako yanavurugwa yawe tarakimu na herufi zisizosomeka, na ufunguo wa kuyapanga upya umo ndani ya simu ya unayemwandikia. WhatsApp walikamilisha mfumo huo kwa watumiaji wao wote Aprili 2016, kwa mbinu iliyobuniwa na waliotengeneza programu ya Signal. Tangu hapo kampuni ya simu inayobeba ujumbe wako haioni ulichoandika. WhatsApp nao hawakioni. Mtu aliyejibanza kwenye intaneti ya bure ya hoteli mjini Kakamega akinasa yanayopita hewani, atanasa makapi. Kinga hiyo ni kubwa. Mke anayepigwa humwandikia dada yake kwa kinga hiyo, na mgonjwa humtumia daktari majibu yake. Sitaki uidharau kwa sababu ya jambo lisilo kosa lake.

Lakini ujumbe ukifika lazima ufunguke, ama sivyo hautasomeka. Na kinachosomwa kwa jicho kinaweza kupigwa picha. Hakuna fundi, wa hapa wala wa Marekani, aliyewahi kutengeneza kufuli la kufunga kinywa cha mpokeaji.

Kwa kuwa umeuliza juu ya simu, nikupe na matundu mengine uyazibe wiki hii. La kwanza ni nakala ya akiba. Simu nyingi huhifadhi mazungumzo ya WhatsApp kwenye akaunti ya Google, na nakala hiyo haifungwi kwa ufunguo wako mpaka wewe mwenyewe uwashe sehemu hiyo kwenye mipangilio. Uwezo huo umekuwapo tangu 2021. Ukiuwasha, liandike nenosiri mahali salama, kwa maana ukilisahau hakuna atakayekurudishia. La pili ni vifaa vilivyounganishwa. Kama umewahi kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya saiba ukaondoka bila kuifunga, yeyote anayeketi pale anaweza kuwa anasoma unachoandika. Tazama orodha ya vifaa, ukikiona usichokijua, kiondoe. La tatu ni ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Unasaidia simu ikiibwa. Haumzuii aliyeusoma kuupiga picha, na ukipigwa picha hutajulishwa.

Tena usiruke kutoka programu hii hadi nyingine kwa kusikia tu kwamba hiyo ndiyo ya siri. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram, kwa mfano, hayafungwi toka simu hadi simu. Yanayofungwa hivyo ni yale ya siri, ambayo lazima uyaanzishe kwa makusudi. Watu wengi waliohamia huko walitoka kwenye nyumba yenye kufuli wakaingia kwenye yenye pazia.

Sasa deni lako. Hapo ulikosewa, na waliokukosea wanajua kwamba wamekosea. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yako ili wawasumbue watu wako, na zinawakataza kumdai mtu kwa vitisho na kumwaibisha. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa sababu ya kutumia nambari za watu kuwasumbua. Shemeji yako na yule mwalimu hawakuwa wadhamini wako. Wana haki ya kulalamika sawasawa na wewe. Weka kumbukumbu ya simu zilizopigwa, na jumbe zote walizotuma. Malalamiko hupelekwa kwa ofisi hiyo kupitia tovuti yake bila malipo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ichunguze na kuamua ndani ya siku 90. Deni lenyewe lilipe. Ukimaliza, iondolee programu ile ruhusa ya kuona majina yako kabla hujaifuta, kisha uifute.

Utaona, mwanangu, kwamba programu ile haikuhitaji kusoma hata neno moja uliloandika. Ilijua unajuana na nani, ikatosha. Na WhatsApp, japo hawasomi maneno yako, wanajua nambari yako, vikundi ulivyomo na unaowasiliana nao. Siri ya mtu haikai katika maneno yake peke yake. Inakaa pia katika orodha ya watu wake, na orodha hiyo ukiitoa umewatoa na wao. Kila programu ikikuomba kuona majina ya simu, kabla hujakubali fikiria sura ya yule mwalimu.

Nije kwa wale kumi na saba, maana nadhani ndio waliokuumiza kuliko hata rafiki yako.

Wewe unakaa karibu na msitu, haya unayajua kwa masikio. Kima mmoja akimwona tai mwenye kishungi hupiga ukelele, na wenzake wote hujitupa chini ya majani kabla hawajamwona tai kwa macho yao. Hata kima wa mkia mwekundu, ambao si wa kundi lao, huitikia ukelele huo. Kima wa msitu wa Kakamega wamefuatiliwa na watafiti tangu 1979, alipoanza kazi hiyo mwanasayansi Marina Cords, na tabia yao ya kutembea pamoja na kima wa aina nyingine ni mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa hapo. Kwa kima, kukimbia akisikia ukelele ni busara. Akikimbia bure, amepoteza tunda moja. Akikaidi, ameliwa.

Sisi nasi tumeumbwa hivyo. Tunasikia "hela zetu" tukaruka. Tofauti ni kwamba kwenye kikundi chenu aliyeitwa tai alikuwa mtu, na mtu huyo alikuwa ndani akiwasoma.

Mwaka wa 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha jaribio ambalo ningependa lijulikane katika kila chama nchini. Aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza ni upi ulio sawa kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi, hata mtoto angelitoa. Lakini chumbani alikuwa amepanga watu wa kujibu vibaya kwa makusudi, na mmoja tu ndiye hakujua mpango huo. Kiasi cha thuluthi moja ya majibu ya yule mmoja yalifuata uongo wa wengi, na watu watatu kati ya wanne waliufuata angalau mara moja. Walikuwa wanauona mstari kwa macho yao, bado wakasema walivyosema wengine.

Sasa fikiria kikundi ambamo hakuna hata mstari wa kutazama, ila kipande cha picha kilichokatwa. Wa kwanza akauliza. Wa pili akasema alijua. Wa tatu akaona wawili, akajiunga. Kati ya wale kumi na saba, huenda wawili walikuwa na shaka kweli. Waliobaki walikuwa wakijibu majibu. Tunapenda kusema "lisemwalo lipo," nami methali hiyo nimeitumia mara nyingi, lakini mzee aliyeitunga aliishi kijiji ambacho jambo likisemwa na watu kumi, huenda kumi hao waliliona. Kwenye simu, watu kumi wanaweza kuwa mdomo mmoja uliopitishwa mara kumi.

Ndicho kilichokupata wewe mwaka jana pia. Ulisema uliusikia ujumbe ule katika vikundi vitatu, ukaamini. Ulikuwa sauti ileile moja, mwanangu, imekujia kwa njia tatu. Uliwahesabu mashahidi watatu, na shahidi hakuwepo hata mmoja.

Mwaka wa 2018 huko India watu waliuawa na makundi yaliyochochewa na uvumi wa WhatsApp kuhusu wezi wa watoto. Kampuni haikuweza kuyasoma maneno hayo ili iyazuie, kwa sababu ya usimbaji uleule unaotulinda. Ikabidi ipunguze mwendo. Ikaweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa. Januari 2019 ikapunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuyatumia ujumbe kwa mara moja, ikawa matano duniani kote. Aprili 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi utumwe kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati, na jumbe za aina hiyo zikapungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kusema. Watu waliongezewa hatua moja ya kupiga, na katika hatua hiyo wengi wakaacha. Mishale miwili unayoiona juu ya ujumbe inamaanisha kwamba aliyekutumia si aliyeuandika, na huenda hata aliyemtumia yeye hamjui mwandishi. Ukiiona, kaa nao hadi kesho. Habari ya kweli haiozi kwa usiku mmoja.

Ufanye nini basi?

Usirudi kwenye kikundi kwa maandishi. Kule umati upo tayari na kila neno lako litakatwa. Omba mkutano wa ana kwa ana. Someni katiba ya chama, kwa maana sidhani kama inaruhusu kiongozi aondolewe kwa kidole cha msimamizi wa WhatsApp. Nenda na taarifa ya benki ya juzi, yenye muhuri, na daftari lako. Wape walio na sahihi zile nyingine wasome hesabu wao wenyewe. Usianze kwa kulia, na usianze na rafiki yako. Anza na shilingi 84,000.

Kabla ya mkutano mtafute mwanachama mmoja anayeheshimiwa, mwonyeshe hesabu zote, umwombe aseme alichokiona kwa macho yake. Mmoja anatosha. Asch alipomwingiza chumbani mtu mmoja tu wa kusema kweli, makosa ya yule aliyekuwa akijaribiwa yalishuka hadi kiasi cha robo ya yale ya awali. Umati unaotisha kwenye simu huwa unamngoja mtu wa kwanza wa kusema "hapana," na wengi walionyamaza siku ile walikuwa wakimngoja huyo. Mimi ninawaandikia hao pia, kwa maana wanasoma safu hii: wanachama 38, kumi na saba walijibu, wengine mkakaa kimya. Simu moja tu ya kumuuliza "kumetokea nini?" ingeuzima moto ule kabla chai haijachemka.

Mkutanoni pendekeza mambo mawili. Taarifa ya benki isomwe kila mwezi mbele ya wote, ili siku nyingine swali la hela lijibiwe kwa karatasi. Na kikundi kiwe cha matangazo tu: tuhuma dhidi ya mtu isiwekwe pale, iletwe kikaoni yeye akiwepo. Msimamizi pia ajue kwamba WhatsApp inamruhusu kumfutia kila mmoja ujumbe wa mwanachama yeyote, mradi asikawie, kwa sababu nafasi hiyo hupita baada ya siku mbili hivi. Aliiacha picha yako ikae, na nadhani hakufikiri kwamba kuiacha ni kuamua.

Na rafiki yako? Polisi sikushauri. Kumkashifu mtu kulikuwa kosa la jinai Kenya hadi Februari 2017, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Kilichobaki ni kesi ya madai, na gharama yake itameza mboga zako za mwaka mzima. Sheria ya data nayo inaacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake, kwa hiyo huenda ikawa vigumu kumbana kwayo mtu mmoja aliyevujisha mazungumzo ya faragha. Haki unayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinataja faragha ya mawasiliano, na pia kwamba habari za familia na mambo ya ndani ya mtu zisifichuliwe pasipo sababu. Lakini si kila haki hudaiwa mahakamani. Nyingine hudaiwa mlangoni.

Nenda kwake, saa za mchana, bila simu mkononi. Muulize swali moja: ni nani aliyekata ile picha? Inawezekana alimwonyesha mtu mmoja kwa huruma, na huyo ndiye aliyefanya mengine. Inawezekana ni yeye mwenyewe. Ukishajua, utajua kama mna la kurekebisha. Kama halipo, muage uondoke, na usiyatoe yake unayoyajua. Umesoma naye tangu darasa la kwanza; bila shaka nawe umebeba siri zake. Utashawishika kuzitumia. Zikikaa salama kwako, utakuwa umejua tofauti yako na yeye.

Simu usiitupe. Inakuletea wateja, na inakuletea sauti ya mwanao akiwa shuleni. Ila kuna maneno ya kuandikwa na kuna maneno ya kutembezwa kwa miguu. Kabla ya kuandika siri jiulize kama ungeweza kumpa mtu yule ufunguo wa nyumba yako. Kama jibu linasita, subiri muonane.

Nimebakiza kijana wa bodaboda, na hapa sitakubembeleza. Kutolala huko ulikokusema ni dalili njema. Ujumbe ule huwezi kuurudisha. Muda wa kuufuta ulishapita, na uliokwisha kusambazwa kutoka kwako uko katika simu ambazo huzijui, umefungwa kwa kufuli lilelile ulilolitegemea wewe. Huo ndio uzito wa kufuli: linalinda siri yako na linalinda kosa lako, wala haliulizi lipi ni lipi.

Lakini yapo unayoweza. Mwendee mama yake kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Usimngoje kwenye meza ya mboga ambako atalazimika kukujibu kwa adabu mbele za watu. Nenda nyumbani kwake, umwambie kwa kinywa chako kwamba wewe ni mmoja wa walioupitisha ujumbe ule, na kwamba ulikuwa uongo. Usijitetee kwa vile vikundi vitatu. Kisha umuulize yeye na mwanawe wanataka nini. Hili usiliruke, kwa sababu ukikimbilia kutangaza toba kwenye kikundi utakuwa umelirudisha jina la yule kijana katika simu 38 bila idhini yake, kwa mara ya pili. Wakitaka isemwe hadharani, iseme palepale ulipoipitisha, na kwa sauti yako, jinsi ulivyoipitisha kwa sauti. Wakitaka liguru wa kijiji na wazee waitwe kwa habari ya pikipiki, nenda usimame uhesabiwe sehemu yako. Wakitaka unyamaze tu, nyamaza, na umwachie mama huyo nafasi ya kukukasirikia kwa muda atakaohitaji.

Huenda hatakusamehe. Nenda hata hivyo.

Mama yangu alipojua kwamba ni mimi niliyetoa habari za barua ile, alinishika mkono akanipeleka kwanza kwa jirani yetu, kisha dukani. Kwa jirani nilisema nilichokifanya. Dukani nilisema kwamba yule mama hajawahi kukosa kulipa, na mwenye duka akalifungua tena daftari, ingawa si siku hiyohiyo. Jirani yetu hakunijibu kitu. Miezi ilipita, akawa anapewa barua zake zimefungwa na kumtafuta mtu mwingine wa kumsomea.

Halafu Ijumaa moja nilimpelekea barua nikaigeukia njia ya kurudi, kama nilivyozoea. Akaniita. Alikuwa amekwisha kutoa kigoda nje. Akaifungua bahasha mwenyewe, akanipa karatasi, akaketi chini kando yangu. Niliisoma barua yote, taratibu, na yaliyokuwamo sijamwambia mtu hadi leo.